Kingamwili ya sungura au ya panya? Chupa ipi ununue kupimia G6PD

Ndani ya friza kuna chupa tatu, hakuna iliyozidi kidole gumba. Ya kwanza ni poliklonali ya sungura, yaani mchanganyiko wa kingamwili nyingi tofauti. Ya pili ni monoklonali ya panya, yaani kingamwili ya aina moja tu. Ya tatu ni monoklonali ya sungura iliyozalishwa kutokana na jeni, ile ambayo wauzaji huiita rikombinanti. Zote tatu zinadai kukamata kitu kimoja: kimeng'enya cha binadamu kiitwacho glukosi-6-fosfati dehidrojenasi, kwa kifupi G6PD. Bei hazipishani kwa kiasi cha kukuamulia, maana mikrolita 100 mara nyingi huwa kati ya dola 300 na 500 za Marekani kabla ya gharama za usafiri. Mwenye fungu la chupa moja tu afanyeje?

Jibu langu nalitanguliza, ili asiye na muda asome hapa aende zake. Kama ndiyo unaanza, na sampuli zako ni damu za watu wenye mabadiliko tofauti ya jeni, chukua poliklonali ya sungura iliyosafishwa kwa antijeni (protini ile ile inayotafutwa), tena iliyotengenezwa kwa kutumia kipande kirefu cha protini. Kama kazi itavuka mwaka, au maabara mbili zitalinganisha majibu, toa pesa ya rikombinanti. Ya panya mimi huinunua kama mwenza wa mojawapo ya hizo mbili, mara chache sana kama kinara. Na kabla ya kununua yoyote, hakikisha una sampuli isiyo na G6PD kabisa. Bila hiyo, utakuwa umenunua mstari mzuri kwenye picha, basi.

Sasa kwa mwenye muda.

Unachokitafuta kina tabia zake

G6PD hufungua mlango wa njia ya pentosi fosfati, mojawapo ya njia ambazo seli hutumia kuchakata sukari. Inaichukua glukosi-6-fosfati, na katika kazi hiyo inageuza NADP kuwa NADPH, molekuli ambayo seli huitumia kujikinga. Seli nyingine zina njia kadhaa za kupata NADPH, lakini seli nyekundu ya damu haina kiini wala mitokondria, kwa hiyo njia hii ndiyo ngao yake dhidi ya sumu zinazotokana na oksijeni. Ngao ikiwa nyembamba, dawa ya malaria kama primakwini inaweza kuzipasua seli hizo kwa wingi. Chanzo cha tatizo hili kilijulikana Marekani mwaka 1956, baada ya majaribio ya dawa kwa wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois. Kwa taratibu za leo, andiko la namna hiyo lisingetoka hata kwenye droo ya kamati ya maadili.

Zaidi ya watu milioni 400 duniani wana upungufu wa kimeng'enya hiki. Kwetu Afrika Mashariki aina inayokutana nasi zaidi ni ile iitwayo A-, yenye mabadiliko mawili kwenye protini moja: valini ya nafasi ya 68 imekuwa methionini, na asparajini ya nafasi ya 126 imekuwa asidi ya aspatiki. Kwa watu wa Bahari ya Mediterania ni habari nyingine, serini ya 188 imekuwa fenilalanini. Zishike namba hizi tatu, tutazihitaji tukifika kwenye kuchagua chupa.

Protini nzima ina asidi amino 515 na uzito wa kilodaltoni 59 hivi. Hiyo 59 nayo ishike: kwenye westani bloti, ambapo protini hutenganishwa kwa uzito kwenye jeli, zikahamishiwa kwenye utando na kutambuliwa kwa kingamwili, mstari wa G6PD hutokea hapo.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi hulichanganya kila mwaka. Mwenye A- hakukosa kimeng'enya. Anacho, ila hakidumu. Ndani ya seli nyekundu, kimeng'enya cha kawaida hupungua hadi nusu kwa siku 62 hivi, cha A- kwa siku 13 tu. Seli ikiwa changa inacho, ikizeeka imeishiwa. Kwa hiyo kingamwili itakuambia protini imebaki kiasi gani. Haitakuambia protini hiyo inafanya kazi kiasi gani. Anayetaka kujua kama mgonjwa apewe tafenokwini, dawa ya malaria inayodai utendaji wa kimeng'enya uzidi asilimia 70, apime NADPH inavyoongezeka kwenye mwanga wa nanomita 340, au atumie kipimo kilichoidhinishwa. Chupa hizi zetu zimeandikwa "kwa utafiti tu", na maandishi hayo si pambo.

Zinavyozaliwa

Sungura anachomwa sindano ya antijeni, anarudiwa baada ya wiki kadhaa, na tena, hadi kinga yake inapanda. Kisha anatolewa damu, na kinachochukuliwa ni majimaji yake ya juu. Ndani yake mna kingamwili za kila aina: zinazokamata kichwa cha G6PD, za mkia, za ubavu, na nyingine nyingi zisizohusika kabisa, za vijidudu ambavyo sungura alikutana navyo bandani. Ndiyo maana poliklonali mbili zinaweza kuwa na jina moja huku zikiwa vitu viwili tofauti. Moja imepitishwa kwenye protini A, protini ya bakteria inayonasa kingamwili, ikachujwa kila kingamwili ya sungura, ya maana na isiyo na maana. Nyingine imepitishwa kwenye safu iliyobandikwa G6PD yenyewe, zikabaki zinazoishika tu. Hiyo ya pili ndiyo "iliyosafishwa kwa antijeni". Ukiona poliklonali nafuu kuliko wenzake, tazama kwanza mstari wa usafishaji. Aghalabu jibu liko hapo.

Ya panya ina historia ndefu zaidi ya kusimuliwa. Köhler na Milstein, wakiwa Cambridge mwaka 1975, waliunganisha seli ya kinga ya panya na seli ya saratani, wakapata kiumbe kisichochoka kuzaa kingamwili ya aina moja. Wakapewa Nobel mwaka 1984 pamoja na Jerne. Seli hiyo, haibridoma, huwekwa kwenye naitrojeni ya maji na kuamshwa inapohitajika. Tatizo ni kwamba inaweza kufa, au kupoteza jeni zake, au kutoa kingamwili ya ziada ambayo hakuna aliyeiomba.

Rikombinanti imemaliza mjadala huo kwa kuandika mfuatano wa jeni za kingamwili na kuupandikiza kwenye seli za kufugwa. Mfuatano unabaki hata kila kitu kikiungua. Sungura aliingia kwenye ulimwengu wa monoklonali akiwa amechelewa: seli mwenza ya kumfaa ilipatikana mwaka 1995 huko Chicago, kwenye maabara ya Katherine Knight. Leo monoklonali za sungura zimejaa sokoni, na nyingi ni rikombinanti.

Pale sungura wa poliklonali anaposhinda

Rudi kwenye zile namba tatu, 68, 126 na 188. Monoklonali hushika sehemu moja tu ya protini, pengine asidi amino sita au kumi. Ikiwa sehemu hiyo inagusa nafasi ya 126, sampuli ya mwenye A- itatoa mstari hafifu. Utaandika kwenye ripoti kwamba protini imepungua. Inawezekana imepungua kweli, inawezekana ipo tele ila kingamwili haiitambui tena kwa sababu herufi moja imebadilika. Kwa picha hiyo peke yake huwezi kutofautisha. Poliklonali iliyotokana na protini nzima inashika sehemu nyingi kwa pamoja. Ikipoteza moja, zilizobaki zinatosha. Kwa anayelinganisha watu wenye mabadiliko tofauti, hii peke yake inatosha kumpeleka kwa sungura.

Lakini angalia mtego. Poliklonali nyingi sokoni hazikutokana na protini nzima. Zimetokana na kipande cha asidi amino 15 hivi, kilichofungwa kwenye protini ya konokono wa baharini iitwayo KLH ili kinga ya sungura ikione. Kingamwili zake ni nyingi kwa idadi, ila zote zimesongamana kwenye sehemu moja ile ile. Jina ni poliklonali, tabia ni kama ya monoklonali, tena bila ile faida ya kurudiwa sawasawa kila mwaka. Umebeba hasara za pande zote mbili. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tafuta kwenye karatasi ya bidhaa neno "imyunojeni", yaani kile alichochomwa mnyama, na usome kimetoka nafasi ipi hadi ipi. Kampuni ikiandika "siri ya biashara", mimi huhamia kampuni nyingine.

Faida nyingine ni nguvu ya ishara. Molekuli moja ya G6PD ikishikwa na kingamwili nne, na kila moja ikavutia kingamwili za pili kadhaa (zinazoishika ile ya kwanza) zenye kimeng'enya cha kung'arisha, mwanga unaongezeka. Kwa protini ambayo kwa mwenye A- imebaki kidogo, hilo si jambo dogo. Vilevile protini iliyochemshwa na SDS, sabuni ya maabara, imekunjuka, haina tena umbo lake la asili. Mchanganyiko wa kingamwili hupata tu mahali pa kushika, wakati monoklonali iliyozoea umbo la asili inaweza isione chochote. Mradi wa atlasi ya protini za binadamu wa Sweden, ulioanza 2003, ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya poliklonali za sungura zilizosafishwa kwa antijeni, kwa kutumia vipande vya protini vya asidi amino 50 hadi 150. Waliifanya kazi hiyo kwa maelfu ya protini. Anayesema poliklonali ni teknolojia ya kizee apitie picha zao kwanza.

Pale anapoangusha

Sungura ni mnyama mmoja. Ana mililita 55 hadi 70 za damu kwa kila kilo. Mwenye kilo nne ana chini ya theluthi ya lita mwili mzima, na huwezi kuimaliza. Siku akifa, bechi imekwisha. Sungura wa pili akichomwa antijeni ile ile kutoka chupa ile ile, kinga yake itachagua sehemu nyingine za kushika. Namba ya bidhaa haibadiliki, lebo haibadiliki, kilichomo ndani kimebadilika.

Yamenikuta. Bechi ya kwanza ilinipa mstari mmoja safi pale penye 59. Tukaagiza nyingine miezi minane baadaye, mwanafunzi wangu akaja na picha akiwa amekunja uso.

"Mwalimu, sijui nimekosea wapi. Mistari iko mitatu."

Tulibadilisha maziwa ya kuzibia utando, tukabadilisha kingamwili ya pili, tukaongeza muda wa kuosha. Wiki mbili zimekwenda. Mwishoni nikapekua friza nikakuta matone ya bechi ya zamani, tukayatumia kwenye utando ule ule uliokatwa nusu: nusu ya zamani ina mstari mmoja, nusu ya mpya ina mitatu. Mwanafunzi hakuwa amekosea chochote. Muuzaji, nilipomwandikia, alijibu kwa adabu kwamba bechi zote zimepita vipimo vyao vya ndani.

Mambo yanaweza kuwa mabaya kuliko hapo. Mwaka 2016 kampuni moja kubwa ya Marekani ilikubali kulipa faini ya dola milioni 3.5 kwa sababu ya jinsi ilivyotunza mbuzi na sungura wake. Ukiachilia mbali mateso ya wanyama, ambayo peke yake yanatosha kumfanya mtu ajiulize pesa yake inakwenda wapi, somo kwa mtumiaji ni hili: poliklonali hutegemea banda. Banda likifungwa, hakuna mfuatano wa jeni uliobaki wa kuifufua.

Udhaifu wa pili ni ndugu wa karibu. G6PD ina jamaa aitwaye H6PD, anayeishi ndani ya retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa vijia ndani ya seli, na kufanya kazi inayofanana. Zimefanana kiasi kwamba baadhi ya kingamwili za sungura zinaweza kumshika na yeye. Kwenye westani bloti hilo si balaa, kwa kuwa H6PD ina asidi amino 791 na mstari wake hukaa juu, karibu na 90, mbali na 59. Lakini kwenye hadubini ya mwanga wa rangi hakuna ngazi ya uzito. Unaona rangi imejaa seli, huna namna ya kujua ni ya nani. Kwa picha za hadubini, basi, poliklonali ya protini nzima naiweka kando hadi nithibitishe.

Udhaifu wa tatu unamhusu sungura yeyote, wa poliklonali na wa rikombinanti. Ukitaka kuvua G6PD kutoka kwenye mchanganyiko kwa shanga zenye kingamwili na kisha kuitazama kwenye jeli, kumbuka mnyororo mzito wa kingamwili una kilodaltoni 50 hadi 55. G6PD ina 59. Kingamwili yako ya kuvulia itadondoka kwenye jeli pamoja na ulichokivua, na kingamwili ya pili dhidi ya sungura itaiwasha kama taa ya lori. Mstari wako utamezwa. Hapa ndipo ile ya panya inapolipa nauli yake: vua kwa ya sungura, tazama kwa ya panya, na kingamwili ya pili iwe ya kumtambua panya tu. Ukikosa ya panya, zipo kingamwili za pili zinazoshika mnyororo mwepesi tu, ambao uko 25, mbali na pale unapopatazama.

Damu si seli za kufugwa

Karatasi nyingi za bidhaa huonyesha picha nzuri kutoka seli za HEK293 au HepG2, seli za binadamu zinazofugwa maabara. Ukihamia kwenye damu, matatizo yanayojitokeza hayachagui chupa, lakini chupa hizi hazikumbwi nayo sawasawa.

Seli nyekundu imejaa hemoglobini; protini nyingine zote kwa pamoja ni kama chumvi kwenye sufuria ya wali. Ukitaka G6PD ionekane inabidi ujaze kisima cha jeli, na ukikijaza, hemoglobini inatandaa chini, pale penye 16, na mara nyingine vipande vyake viwili vilivyogandana hutokea karibu na 32. Hemu iliyomo ndani yake ina tabia ya peroksidesi kidogo, na dawa ya kung'arisha haiulizi mwanga umetoka wapi. Nimeona watu wakiandika "G6PD iliyokatika" kando ya mstari ambao ungetokea hata kama kingamwili ingeachwa nje. Njia ya kujiridhisha ni nyepesi: utando mmoja usiopewa kingamwili ya kwanza, upewe dawa tu. Poliklonali ya kingamwili chafu huongeza ukungu wake juu ya ukungu huu, na hapo ile iliyosafishwa kwa antijeni inaonyesha thamani ya pesa yake.

Seli nyeupe nazo hazina budi kuondolewa. Zina G6PD nyingi kuliko nyekundu, zina kiini, zinatengeneza mpya kila siku. Chache tu zikibaki kwenye sampuli ya mwenye A-, mstari unanenepa na upungufu unafichika. Safu ya selulosi huzichuja vizuri. Na usichukue damu ya mtu aliyetoka kupata mpasuko wa seli juzi: seli zake kuukuu zimekufa, zilizopo ni changa na zimejaa kimeng'enya. Anaonekana mzima.

Wanaofanya kazi na damu iliyoambukizwa malaria wana mgeni wa ziada. Plasmodium falciparum ana kimeng'enya chake cha aina hii, kilichounganishwa na kingine kwenye protini moja ya kilodaltoni 107 hivi. Ukiona mstari pale juu kwenye sampuli zenye vimelea na haupo kwenye zisizo navyo, usifikirie bechi mbovu haraka. Poliklonali ina nafasi kubwa zaidi ya kuushika kuliko monoklonali, kwa sababu ile ile ya kushika sehemu nyingi. Kwa swali fulani hiyo ni kero. Kwa swali lingine ni zawadi.

Sampuli isiyo na kitu

Kila kampuni itakuonyesha kwamba kingamwili yake inashika G6PD. Unachotaka kuona ni kwamba pasipo G6PD haishiki kitu. Hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwani damu ya binadamu haitakusaidia: mtu asiye na G6PD hata chembe hajulikani, inaaminika hali hiyo haiendani na uhai. Hata mwenye upungufu mkubwa ana mabaki. Kuizima jeni kwa RNA fupi kwenye seli nyekundu hakuwezekani pia, kwa kuwa hakuna kiini cha kuzimiwa.

Kinachobaki ni seli za kufugwa, mfano HAP1 au HEK293, ambazo jeni yake imekatwa kwa CRISPR, mkasi wa maabara wa kukatia jeni. Seli kwenye chupa, zikilishwa vizuri, huvumilia kukosa kimeng'enya hiki. Weka kwenye jeli sampuli ya seli za kawaida kushoto, zilizokatwa jeni kulia, kiasi sawa cha protini, na utazame penye 59. Kushoto pana mstari, kulia hapana: endelea na kazi. Pande zote mbili pana mstari: rudisha chupa, hata kama imetajwa kwenye makala mia.

Hilo la makala nalisema kwa makusudi. Wanafunzi huchagua kingamwili kwa kuhesabu waliowahi kuitumia, na mimi nilifanya hivyo miaka mingi. Mwaka 2023 kikundi cha YCharOS kilichapisha majaribio ya kingamwili 614 za kibiashara dhidi ya protini 65, kikizilinganisha kwa seli zilizokatwa jeni. Rikombinanti zilishinda poliklonali na monoklonali za haibridoma kwa wastani, na kingamwili nyingi zilizoshindwa zilikuwa tayari zimetumika kwenye makala zilizochapishwa. Wastani ni wastani. Ndani ya kundi la poliklonali zilikuwamo nzuri pia, na ndani ya rikombinanti mbovu. Ndiyo maana sikusema mwanzoni kwamba rikombinanti ndiyo jibu la kila mtu.

Kampuni nyingine hukupa kipeptidi cha kuzibia, yaani kile kipande kifupi cha protini kilichotumika kutengenezea kingamwili, wakisema ukikichanganya na kingamwili mstari utatoweka na hapo umethibitisha. Hujathibitisha. Umeonyesha tu kwamba kingamwili hushika kile ilichotengenezewa, jambo ambalo hakuna aliyelibishia. Ikiwa inashika pia protini nyingine kwa mkono ule ule, na mstari wa hiyo nyingine utatoweka vilevile.

Pesa na friza

Kuzimua kunabadilisha hesabu kuliko bei ya chupa. Chukua chupa ya dola 400 yenye mikrolita 100. Ukizimua moja kwa 1000, na trei yako ndogo ikameza mililita 5, utatumia mikrolita 5 kwa utando: tando 20, dola 20 kila mmoja. Kingamwili inayofanya kazi vizuri kwa moja kwa 5000 inakupa tando 100, dola 4. Rikombinanti ya dola 500 inayofika huko ni nafuu kuliko poliklonali ya 300 inayokwama moja kwa 500. Kwa hiyo chupa ikifika, kata utando vipande vinne na ujaribu 500, 1000, 2000 na 5000 siku ile ile, kabla ya kuiamini karatasi.

Kuhusu usafiri na umeme, tazama zaidi ile yenye gliseroli nusu kwa nusu. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri haigandi, unachota bila kuiyeyusha, na umeme ukikatika usiku haipitii kuganda na kuyeyuka kunakoua kingamwili taratibu. Isiyo na gliseroli igawe siku ya kwanza kwenye vichupa vya mikrolita 10, na isikae kwenye friza ya nyumbani ya ile aina inayojiyeyushia barafu yenyewe. Nimewahi kupokea boksi ambalo barafu yake ilikuwa maji ya uvuguvugu baada ya siku tano za forodha. Poliklonali iliyokuwemo ilifanya kazi. Usiichukue kama ruhusa. Azidi ya sodiamu iliyomo kwenye chupa nyingi huzuia ukungu wa vijidudu, lakini inazima peroksidesi ya mmea wa horseradish, kile kimeng'enya cha kung'arisha, kwa hiyo usiiongeze kwenye majimaji ya kingamwili ya pili ukidhani unatunza.

Jambo la mwenza nalo lipangwe mapema. Utahitaji protini ya kulinganishia kiasi ulichopakia. Tubulini ina 50 na ushee, imebanana mno na 59. Chagua aktini ya 42 au GAPDH ya 36. Kama ya G6PD ni ya sungura, ya aktini iwe ya panya, utazipiga picha pamoja kwa rangi mbili bila kuvua utando. Kwa ELISA ya tabaka mbili, kipimo ambacho protini hunaswa katikati ya kingamwili mbili, mpangilio wangu ni monoklonali chini ya kushika na poliklonali juu ya kutambua: ya chini huchagua, ya juu hukuza sauti.

Kwa hali yako

Mwanafunzi wa uzamili mwenye sampuli 40 za damu, miezi sita, chupa moja: poliklonali ya sungura, imyunojeni kirefu, iliyosafishwa kwa antijeni. Kabla ya kulipa mwombe muuzaji akuthibitishie chupa zote zitatoka bechi moja, na ununue za kutosha kazi nzima kwa mkupuo.

Mradi wa miaka mitatu wenye vituo Kenya na Tanzania, damu za watoto kila msimu wa mvua: rikombinanti, lakini ijaribiwe kwanza kwenye sampuli zenye A- ambazo utendaji wake umeshapimwa kwa nanomita 340. Ikiwa mstari unapungua kupita vile utendaji unavyopungua, shaka iende kwenye sehemu ya kushikia.

Picha za hadubini: rikombinanti, au ya panya iliyothibitishwa. Kuvua kwa shanga: ya sungura yoyote pamoja na ya panya. Mwenye damu yenye vimelea aanze na poliklonali na aweke pembeni yake damu safi ya mtu yule yule ikipatikana.

Na siku chupa inapofunguliwa, andika kwenye daftari namba ya bidhaa, namba ya bechi, na namba ya RRID inayoanza na AB, kitambulisho cha pekee cha kingamwili hiyo, si jina la kampuni peke yake. Kisha toa mikrolita 10, zifunge, uziandike tarehe, uzisukume nyuma kabisa ya friza. Hizo si za kutumia. Ni za kuweka kwenye nusu ya utando siku bechi mpya itakapokuja na mistari mitatu.